Dawati Moja: Watoto wa Makabila, Dini na Rangi Mbalimbali katika Shule zetu za Msingi

Neno heshima hutamkwa mno katika shule zetu za msingi, na mara nyingi hutamkwa kwa kuelekea juu. Mtoto hufundishwa kumheshimu mwalimu, mzazi, mgeni, mzee apitaye njiani na bendera ipandishwayo asubuhi. Salamu ya shikamoo, ambayo wengi huifasiri kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, hutoka kwa mdogo ikamwendea mkubwa, na hairudi chini ila kwa jina la marahaba. Hatuna ugomvi na heshima ya namna hiyo, kwani ndiyo iliyotulea. Lakini katika makala hii tunakusudia kuizungumzia heshima nyingine, isiyo na salamu yake maalumu, ambayo masomo yetu ya uraia huigusa kwa juu juu tu: heshima ya mtoto kwa mtoto mwenzake, waliolingana kimo na darasa, lakini wakatofautiana kwa kabila, kwa dini, kwa rangi au kwa lugha ya nyumbani.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Wageni wengi wamestaajabia jinsi watoto wa makabila hayo wanavyoketi pamoja darasani bila kuulizana asili zao, na sisi wenyewe tumezoea kuusifu umoja huo kana kwamba uliota wenyewe, kama majani yaotavyo baada ya mvua. Historia ya shule zetu hailezi hivyo. Yaonyesha kwamba heshima baina ya watoto ililetwa na mipango ya watu wazima: nani aketi karibu na nani, wasome kwa lugha gani, nani afagie na nani achote maji. Mahali mipango ilipokuwa mizuri heshima ilimea, na mahali ilipoacha pengo dharau ilipenya, hata kama mwalimu alihubiri upendo kila asubuhi.

Kabla ya shule za kusoma na kuandika, watoto wetu walifundwa na wazee wao. Mtoto wa Kimakonde alikwenda jandoni kwa Wamakonde, na binti wa Kizaramo aliwekwa ndani na kufundwa na somo wa Kizaramo. Elimu ile ilikuwa na mengi mazuri, lakini ilikomea mpakani mwa kabila. Mtu wa kabila jingine alijulikana kwa njia tatu: kwa vita, kwa biashara, na kwa utani. Hii ya tatu yastahili kuangaliwa kwa makini na mwalimu wa leo, maana ndiyo iliyokuwa shule ya kale ya heshima baina ya watu walio sawa.

Utani haukuwa mzaha mtupu. Wanyamwezi waliosafiri na misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo walipita katika nchi ya Wazaramo miaka nenda miaka rudi, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na pengine mahali pa kumzika mwenzao aliyefia njiani. Katika haja hizo utani ukajengeka. Mtani aliruhusiwa kumtolea mwenziwe maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa, na aliruhusiwa kuchukua kitu kidogo bila kuitwa mwizi. Lakini msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyekuja kushika kazi nzito ambazo ndugu wa marehemu hawakuziweza kwa majonzi. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, nao waligeuka wakawa watani. Tazama hekima iliyomo: wazee hawakujidai kwamba tofauti haipo, wala hawakukataza isitajwe. Waliitaja kwa sauti kubwa, wakaicheka, kisha wakaifunga kwa wajibu. Asiyekuwa tayari kukuzika hakuwa na ruhusa ya kukutania.

Darasa la kwanza lililokusanya watoto wa makabila mengi katika pwani yetu halikutokana na hekima hiyo. Lilitokana na msiba wa utumwa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walipohamia Unguja mwaka 1864, wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Hao walikusanywa Kiungani, na wasichana Mbweni. Mapadre wa Kifaransa walifanya vivyo hivyo Bagamoyo tangu mwaka 1868. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini watoto waliendelea kupatikana, maana biashara haramu haifi siku ileile inapokatazwa.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya darasa lile. Humo walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengine walitoka katika kabila lililouza, na wengine katika kabila lililouzwa. Hapakuwa na mama mmoja wala mzimu mmoja wa kuwapatanisha. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa huko London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari ambazo vijana wale waliziandika wenyewe kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Waliziandika kwa Kiswahili. Hilo latupasa kulitafakari: lugha iliyotumika njia nzima ya msafara, iliyowafikia watoto wale kwa vinywa vya waliowateka, ndiyo hiyohiyo waliyoishika wakaitumia kusimuliana walikotoka. Hatudai kwamba Kiungani palikuwa peponi. Nidhamu yake ilikuwa kali na dini yake ilikuwa moja tu. Lakini pale ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza mtoto wa Kiyao na mtoto wa Kimakua wakisomeana habari zao katika maandishi.

Wajerumani walipoanzisha shule ya serikali Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, walihitaji makarani, makalimani na maakida. Kwa kuwa wazazi wengi wa pwani walikuwa Waislamu na hawakutaka kuwapeleka watoto wao katika misheni, shule ile haikufungamana na dini, nayo ilifundisha kwa Kiswahili. Baadaye gazeti la Kiongozi likachapwa hapo shuleni. Nia ya mkoloni ilikuwa kupata watumishi, nasi hatuna sababu ya kumshukuru kwa hilo. Hata hivyo mbegu mbili zilipandwa, lugha moja na shule isiyomuuliza mtoto dini yake, na mbegu haiulizi ni nani aliyeipanda.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikiendeleza Kiswahili katika madarasa ya chini. Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini shule zenyewe walizigawa kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na fedha zake, mitaala yake na kimo cha majengo yake. Mtoto wa Kizungu wa Arusha alipelekwa shule ya bweni iliyojengwa kwa ajili ya rangi yake. Mtoto wa Kihindi wa Dar es Salaam alisoma katika shule ya jamaa yake, na hata hapo Waismailia walikuwa na yao, Wagoa na yao. Mtoto wa Kiafrika, akibahatika, alisoma miaka minne, na kwa wengi elimu ilikomea hapo.

Twaomba wanafunzi wa sekondari wasipite haraka mahali hapa. Ubaguzi wa shule haukumnyima mtoto kitabu peke yake. Ulimfundisha somo ambalo halikuandikwa ubaoni. Mtoto apitaye kila siku mbele ya shule asiyoruhusiwa kuingia hujifunza kitu juu yake mwenyewe, na yule aliye ndani ya uzio hujifunza kitu juu ya yule apitaye. Wote wawili hufaulu somo hilo bila mtihani.

Tena hata sisi wenye rangi moja tuligawanywa. Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni ziligawana nchi. Katika miteremko ya Kilimanjaro shule ya Kilutheri na shule ya Kikatoliki zilishindana kwa watoto wa ukoo mmoja. Wazazi Waislamu wa pwani na wa Tabora walisita kuwapeleka watoto wao kwa padre, wakiogopa warudi na jina jipya, na kusita huko kuliwagharimu watoto wao miaka mingi ya elimu. Palikuwa pia na jaribio la namna nyingine, lililofanywa na Bwana Mumford katika shule ya Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920, la kuijenga shule juu ya mila za makabila, wazee wakiitwa kufundisha desturi na ngoma. Wako waliolisifu. Sisi twaona kwamba kuheshimu mila lilikuwa jambo jema, ila kumfungia mtoto ndani ya mila ya kwao, huku njia ya cheo na elimu ya juu ikipita kwingine, kulikuwa kumvika vazi zuri na kumwacha nje ya mlango.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Sheria ya elimu iliyopitishwa mwaka huohuo ilianza kutumika Januari 1962, na kwa sheria hiyo mafungu ya rangi yakafutwa, ukawa mfumo mmoja wa elimu. Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, elimu ilitangazwa kuwa bure mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Mwalimu Julius K. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, aliutaja kufutwa kwa ubaguzi wa rangi shuleni kuwa ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo nchi ilikuwa imeyatenda, akaongeza kwamba hayo peke yake hayakutosha.

Kwa hakika hayakutosha. Kufungua mlango ni jambo moja, na mtu kuweza kuingia ni jingine. Katika shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi masomo yaliendelea kwa Kiingereza na karo ilikuwa kubwa, kwa hiyo waliojitokeza kwanza walikuwa watoto wa wakubwa wapya. Mabadiliko ya kweli yaliletwa na mambo mawili yaliyofuatana. La kwanza ni uamuzi wa mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule ya msingi. Shule zile zilizokuwa za rangi nazo, isipokuwa chache, ziliingia katika njia hiyo. Mtoto wa Kihindi aliyekuwa akikijua Kiswahili cha dukani na jikoni sasa alipaswa kukitumia katika hesabu na jiografia, na mwenziwe wa Kiafrika aliyetoka bara alikuwa naye akijifunza lugha hiyohiyo iliyokuwa ngeni nyumbani kwake. Wote walikosea sarufi, na hapakuwa na mwenye mamlaka ya kumcheka mwenziwe kwa muda mrefu.

La pili ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyozitwaa shule za madhehebu na jumuiya zikawa za taifa. Msikiti na kanisa havikufukuzwa. Vilipewa kipindi. Ilipofika saa ya dini, darasa liligawanyika, padre au katekista akachukua wake, maalimu akachukua wake, na kipindi kilipokwisha watoto wakarudi kwenye madawati yaleyale. Jambo hili laonekana dogo kwa aliyelizoea. Lakini lina mafunzo makubwa kuliko hotuba: mtoto alimwona jirani yake akienda kusali kwingine, akamwona akirudi, na nafasi yake kwenye dawati ilikuwa ingali imewekwa. Siku ya Idd sahani ya pilau ilivuka ua, siku ya Krismasi ikarudi na kitu juu yake, kwa maana kwetu sahani hairudishwi tupu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila katika Tanzania Bara. Tangu hapo karani wa sensa hakumuuliza mtu swali hilo.

Kisha zikaja shule nyingi kwa mara moja. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Operesheni ya vijiji, iliyofikia kilele chake kati ya 1973 na 1976, iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, pengine kwa hiari na pengine kwa nguvu iliyoacha uchungu, na kila kijiji kilitakiwa kiwe na shule. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba elimu ya msingi iwe kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, hata vijana waliokuwa wametoka darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Madarasa yalisomea chini ya miembe. Wako wataalamu wanaohesabu hasara za haraka ile, na hesabu yao si ya uongo, maana kiwango cha elimu kilishuka. Lakini wanaohesabu alama za mitihani peke yake huacha jambo moja nje ya daftari, yaani kwamba katika miaka ile mtoto wa karani, wa mkulima, wa mfanyakazi wa reli na wa mkuu wa wilaya waligombania nafasi kwenye dawati moja, kwa sababu hapakuwa na jingine.

Sisi tulikuwa miongoni mwao. Tulisoma shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mji mdogo wa pwani, tukikaa wanne kwenye dawati la watu wawili. Darasani mwetu aliingia mtoto aliyetoka Kigoma, ambaye baba yake alihamishiwa kazi ya reli. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kwao, na kila alipofungua kinywa wenye lafudhi ya pwani walimwiga. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mtu wa maneno machache. Hakutoa hotuba wala hakuchapa mtu. Alibadilisha orodha ya zamu ya maji. Ndoo yetu ilibebwa na watoto wawili, ikining'inia kwenye mti uliolala mabegani mwao, na kisima kilikuwa mbali. Akampanga yule mgeni na bingwa wa kumwiga. Anayejua kazi ile anajua kwamba mkikosana hatua maji humwagika, na atakayelowa zaidi ni wa nyuma. Siku mbili walirudi na ndoo nusu. Siku ya tatu tuliwaona wakija wakihesabu hatua kwa sauti, na walikuwa wakizihesabu kwa Kiha. Uigaji haukuisha siku ile, lakini uligeuka ukawa utani, na mgeni naye akapata la kumjibu mtu wa pwani aogopaye baridi ya asubuhi.

Kisa hiki ni kidogo, nasi tumekieleza kwa sababu walimu wengi wa miaka ile walifanya vivyo hivyo bila kuandikwa popote. Zamu ya kufagia, shamba la shule, mchakamchaka wa alfajiri, timu ya mpira na kwaya: hizo ndizo zilizokuwa nyenzo. Vitabu vya kusomea navyo vilisaidia, vikiwaweka watoto wenye majina ya Kiislamu na ya Kikristo katika hadithi moja bila kuwaeleza wasomaji kwa nini.

Lakini mwandishi wa historia akitaja mafanikio tu huwa mpiga zumari. Yako mahali ambapo mpango ulipungua, na hapo ndipo twaweza kupima kama hoja yetu ina uzito.

Tuwatazame watoto wa Kihindi. Miaka michache walikuwa nasi darasani kwa wingi. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalitaifishwa, na familia nyingi za Kiasia zikaihama nchi katika miaka iliyofuata. Waliobaki waliendelea kusoma nasi, lakini idadi ilipopungua urafiki ulirudi kuwa wa kununuliana dukani. Tuwatazame pia watoto wa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wazazi wao walivuka mpaka baada ya mauaji ya mwaka 1972. Waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko walisoma mitaala ya Tanzania, kwa Kiswahili, kwa vitabu vilevile vyetu. Kwa lugha hawakupungukiwa. Lakini makazi yalikuwa yao peke yao, na kutoka humo kulihitaji kibali. Hivyo kikakua kizazi kizima cha watoto waliokijua Kiswahili sawa na sisi, na ambao hatukuwahi kuketi nao. Serikali ilipoanza kuwakabidhi hati za uraia mwaka 2014, watu zaidi ya 150,000, wako wananchi walioshangaa kusikia hao ni akina nani. Lugha moja bila dawati moja ilikuwa imefanya nusu ya kazi.

Pengo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa katika lugha za nyumbani. Twalisema hili tukiwa wapenzi wa Kiswahili, tuliokula ugali wa Kiswahili ofisini na katika ushairi. Katika shule nyingi mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake uwanjani aliadhibiwa. Mahali pengine alivikwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka ampate mwingine aliyeteleza ulimi, amkabidhi. Nia ilikuwa kumzoeza Kiswahili. Lakini kibao kile kilimfanya kila mtoto awe mpelelezi wa mwenziwe, na kilimwambia kwamba maneno ambayo bibi yake hutumia kuombea mvua ni uchafu wa kufutwa viatuni kabla ya kuingia darasani. Hata neno lenyewe tulilolizoea, kilugha, lina dharau ndani yake: ni lugha iliyopunguzwa kwa kiambishi, kama vile mtu aliyeitwa kijitu. Kisukuma husemwa na mamilioni ya watu. Kwa nini kiitwe kilugha?

Hapa ndipo tunapowakumbuka watani wa kale. Wao walimheshimu mwenzao pamoja na tofauti yake, wakaitaja na kuicheka mbele yake. Shule yetu ilichagua njia fupi ya kuificha tofauti ili isilete ugomvi. Njia hiyo ilitupa amani, nasi hatuibezi, kwa kuwa tumeona majirani waliochagua kuandika kabila katika vitambulisho na yaliyowapata. Lakini mtoto aliyefundishwa kuficha lugha ya kwao hajafundishwa kuiheshimu ya mwenziwe. Yule wa Kigoma hakuheshimiwa kwa kuwa alijifanya mtu wa pwani. Aliheshimiwa tangu siku mwenziwe alipohesabu kwa Kiha.

Na kibao kile hakikutupwa. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katikati ya miaka ya 1980, michango na karo vilirudi shuleni. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa kwa shule za msingi za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza, nazo zikaenea, kwanza mijini, kisha hata katika makao makuu ya wilaya. Katika baadhi ya shule hizo kibao kimepata kazi mpya, yaani kuvikwa mtoto aliyesikika akisema Kiswahili. Lugha iliyowatoa watoto wa Kiungani katika upweke, iliyowakalisha Mhindi na Msukuma mezani pamoja, sasa yaitwa kosa uwanjani. Aliyekiona kibao cha kwanza akanyamaza hana budi kukitambua cha pili, maana mbao ni ileile.

Hatuwalaumu wazazi wanaolipa. Kila mzazi humtafutia mwanawe daraja la kuvukia. Wala hatusemi kwamba Kiingereza hakifai, kwa kuwa mtumishi wa serikali asiyekijua hupata taabu na majalada yake. Tunachokieleza ni jambo la historia: mgawanyo uliofutwa mwaka 1962 ulikuwa wa rangi, na uliopo leo ni wa kipato, lakini umechukua umbo lilelile la shule mbili zisizojuana. Ada zilifutwa tena katika shule za msingi za serikali mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikapanuliwa. Watoto walijaa madarasani kama ilivyokuwa mwaka 1977, wakaketi tena wanne kwenye dawati la wawili. Ila safari hii mtoto wa mkuu wa wilaya hakuwamo.

Katika mji ambamo tumefanya kazi miaka ya karibuni, shule mbili za msingi zinatazamana, barabara ikipita katikati. Asubuhi upande mmoja husimama basi la njano, na upande wa pili watoto hufika kwa miguu wakiwa na mifagio na vidumu vya maji. Tuliwahi kuwauliza watoto wa pande zote mbili majina ya wenzao wa ng'ambo. Hakuna aliyejua hata moja. Walijua rangi ya sare. Hawakutukanana, na walimu wao walituambia kwa fahari kwamba watoto wao wana heshima, nao walitushikia miguu vizuri. Utani hawakuwa nao. Jumamosi moja tu, basi lilipokuwa halijaja, tuliwaona wachache wa kila upande wakiwa na mpira wa makaratasi kwenye uwanja wa mnada, wakibishana kama ulikuwa umetoka au haujatoka, na ubishi ule ulikuwa kwa Kiswahili.